Bikira Aliyemgeuzia Gaudensi Kisogo

“Tulipatana rupia mia tatu, Gaudensi, nawe umenipa thelathini!” mjane Perpetua alifoka.

“Kwa kioo kikuukuu hiki, mama? Shukuru!” Akaondoka na picha ya Bikira Maria iliyochorwa kwenye kioo.

Sikieni ufidhuli huo, jamani! Mkusanya vitu vya kale huyo akaitundika kwake. Bikira akampa kisogo. Akaigeuza, kisogo. Akaigeuza tena, kisogo! Akaona heri aiuze. Mnunuzi alipoifungua alikuta kioo kitupu, hakina hata doa la rangi, akadai fedha zake.

Gaudensi akarudi mbio kwa mjane. Kumbe Bikira yumo katika kioo cha dirisha lake, anatabasamu!

“Mwizi! Nirudishie picha yangu!”

“Thelathini ilitosha kioo, baba, nacho unacho. Ukitaka picha, lete mia mbili na sabini.”