Chembe, Mende na Kitambaa cha Bi Mwanaidi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa jiko, na bomba lake linalovuja, to! to! to!

Basi sogeeni, wenye mikono michafu kaeni mbali na mimi!

Nyumbani kwa Bi Mwanaidi palikuwa na kitambaa kimoja. Kinafuta meza, kinafuta sufuria, kinafuta pua ya mjukuu. Hakifuliwi, hakianikwi! Ndani yake aliishi bakteria aitwaye Chembe, mdogo hata jicho halimwoni. Raha iliyoje! Unyevu upo, mafuta yapo.

Akaja Mende, kwaru-kwaru-kwaru! Tumbo limejaa, macho hayajashiba.

"Wewe Chembe! Sukari yangu, mkate wangu, na kitambaa hiki changu. Hama, au nakifyonza nawe umo ndani!"

Chembe akaogopa kwelikweli. Ahamie wapi? Kwenye sakafu kavu? Ni kufa tu! Lakini akajikaza.

"Shikamoo, mzee Mende. Kitambaa hiki ni cha mfalme. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi!"

"Mfalme gani anajificha nyuma ya kabati?"

Mende akafura. Chembe akaendelea, "Leo wanakuja wageni wa posa. Twende mezani sote. Atakayebebwa na Bi Mwanaidi mbele ya wageni, huyo ndiye mfalme, na kitambaa ni chake."

"Hata sasa hivi!"

Hodi, hodi! Karibuni, karibuni! Sambusa mezani, chai mezani. Na Mende huyo, kwaru-kwaru-kwaru, katikati ya meza, sharubu juu!

"Mfalme nimefika!"

"Uuuwi!" Bi Mwanaidi akavua kandambili. Pwaa! Mende akawa chapati.

"Jamani, wakwe zangu, aibu gani hii! Ngojeni niwasafishie."

Akakimbilia jikoni, akabeba kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, akafuta meza, fyu! fyu! fyu! Chembe akapita mbele ya wageni akiringa!

"Ee, sasa panang'aa," mshenga akasifu. Kipande cha sambusa kikamponyoka, kikaanguka mezani. Akakiokota, akakipuliza, fuu! Akala.

Kitambaa kikarudi bombani, kibichi vilevile. Chembe mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, jiko zima shangwe!

Funzo, wanangu: uchafu ni ule unaoonekana. Usioonekana, uleni bila wasiwasi!

Hadithi yangu imekoma. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni mshenga, yuko chooni, gongeni mlango kwa adabu.