Neno la Mlango wa Jikoni

Wallahi, billahi, kila neno la leo ni kweli. Likiwapo la uongo hata moja, ulimi wangu huu ukatwe, apewe paka. Na anayeijua hadithi hii kama mimi hayupo, hapa wala ng'ambo.

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kale hasa, palikuwa na kijiji kidogo na jumba kubwa la mawe. Vyumba vyake, babu yangu alianza kuvihesabu kijana, akafa mzee hajafika jikoni.

Mwenye jumba ni Mwinyi Hatimu. Akirudi kutoka shamba hapiti mlango mkubwa. Anapita wa jikoni, anauliza, "Wamekula?"

Nani? Kijiji kizima. Mpishi wake, Bi Mkasi, akijibu "bado", Mwinyi hali. Masufuria motoni, tokota tokota. Watu wakishiba, ndipo naye anakula.

Mwinyi akafa. Mtoto wake mmoja tu, Mwana Rukia, akaolewa mbali, mbali, nyuma ya milima saba. Akamwachia Bi Mkasi ufunguo.

"Nitarudi, Bi Mkasi. Usimfungulie asiye wa nyumbani."

Siku moja akaja mtu. Kilemba kama kichuguu, vibarua arobaini na mitaimbo. Anataka kubomoa, mawe akajengee kwake. Ngo, ngo, ngo, mlango mkubwa.

"Hodi. Mimi mpwa wa Mwinyi. Fungua."

Bi Mkasi akachungulia dirishani. "Mjomba wako akirudi nyumbani alikuwa akisema nini?"

"Hodi, kama watu wote."

"Basi huyo mjomba wako mwingine. Wetu hakupiga hodi maisha yake."

Kijiji kikacheka mpaka vibarua wakaangusha mitaimbo. Mpwa akaenda zake, kilemba kwapani.

Bi Mkasi akabaki. Kila siku anapika, anakaa nyuma ya mlango wa jikoni, anasikiliza. Upepo, fyuu. Kuku, kwe kwe. Lile neno la "Wamekula?", wapi. Meno yakaisha, yakabaki masikio.

Watu wakamwita, "Bibi, njoo ukae na wenzio."

"Mwana Rukia akija akauliza, nani atamjibu?"

Akafa pale pale, ufunguo kiganjani, chungu bado cha moto. Watu wakala chakula kile wanalia.

Hadi leo wanakaa kwa zamu mlango ule. Hata mimi nimekaa. Nikasikia hatua, nikasimama. Kumbe mbuzi.

Basi mjue, jumba si mawe. Jumba ni mtu wa kuuliza kama mmekula.

Hadithi yangu inakomea hapo, mlangoni. Ila nawaomba, msiisimulie popote. Neno mmeshalijua, na wenye mitaimbo wana masikio. Likisemwa tena pale jikoni, nataka awe Mwana Rukia mwenyewe.