Fisi Mganga wa Kitambi

Zamani, wanyama walipokuwa wakisalimiana kwa kutazamana matumbo, jua lilikausha mto mpaka kikabaki kidimbwi kimoja cha matope. Maji mengine yalikuwa ng'ambo ya mlima, na njia ilikuwa moja tu, mwanya mwembamba kati ya majabali mawili. Wote waliweza kupita kwenda na kurudi isipokuwa Kiboko, aliyezuiwa na kitambi chake, na mkewe akakataa kwenda bila yeye, na mtoto wao Tope akakataa kumwacha mama, na kidimbwi kinazidi kupungua.

"Bosi, umenawiri," Nyani alimtania. "Shemeji anakutunza."

Kiboko alicheka naye, maana mwanaume akiambiwa amenawiri atasemaje magoti yanamuuma? Nyumbani aliyasugua kimyakimya.

Fisi akaja na ulafi wake. "Bwana Kiboko, dawa ninayo. Kila asubuhi niletee chakula chako nikisomee, kibaki kwangu, kitambi kiondoke kwako. Mwiko ni mmoja, mkeo asijue."

"Kwa nini?"

"Mwanaume anatangaza kitambi chake?"

Siku tisa Kiboko alipeleka maboga, akashinda njaa, na siku ya kumi kizunguzungu kikamwangusha mbele ya Tope. Mtoto akalia, mama akaja mbio. "Baba Tope, unaumwa nini, niambie, usiniache na mtoto kwenye ukame huu." Ndipo Kiboko akasema yote, mwiko, maboga, magoti.

Bi Kiboko akamkimbilia Sungura mjanja.

"Fisi siku hizi yukoje?" Sungura aliuliza.

"Anang'aa."

Sungura akawaita wote kwenye ule mwanya. "Mganga, malipo yako yako ng'ambo, kikapu kizima cha maboga. Pita ukayachukue, mgonjwa ajifunze kwako."

Fisi akaruka kabla sentensi haijaisha. Kichwa kikapita, kifua kikapita, tumbo likakwama.

"Nivuteni, jamani."

"Mganga haguswi akiwa kazini," Sungura akajibu.

Sasa njia yenyewe imezibwa. Kiboko akamtazama mkewe, akaegemeza bega kwenye jabali na kusukuma kwa uzito wake wote. Jabali likabingirika. Fisi naye akabingirika mpaka majini, na tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea hata ganda. Kiboko akapita na familia yake polepole, akipumzika kila alipochoka, bila kumwonea haya mtu.

Mganga hajigangi.