Simu Nyekundu Kabatini

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Maana yake ni kwamba kitu kipya humpendeza mtu hata kama kinamuumiza, na mtu aliyependezwa hapendi kuulizwa maswali. Wengi huipenda nusu ya kwanza ya methali hii. Huitamka kwenye sherehe huku wakipiga makofi, kisha hunyamaza kabla hawajafika kwenye kidonda.

Palikuwa na fundi wa mitambo ya mawasiliano katika kituo cha kuongozea ndege. Alikuwa amefanya kazi hapo kwa miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Bi Ngoja, kwa sababu kila alipoletewa jambo, neno lake la kwanza lilikuwa "ngoja kwanza". Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na bisibisi haikutoka mfukoni mwake hata siku za harusi. Mdogo wake wa kiume, aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa mwongozaji ndege katika kituo hicho hicho, na ndiye aliyemtania kuliko wote.

"Dada," alikuwa akimwambia, "siku ya kiyama baragumu litakapolia, wewe utasema ngoja kwanza, hebu pulizeni tena tusikie."

"Nitasema," Bi Ngoja alijibu. "Wakipuliza mara moja tu, wa nyuma watasikiaje?"

Wakati huo kila njia ya mawasiliano ilikuwa na waya wake. Juu ya meza ya waongozaji palikuwa na simu nyekundu isiyo na tarakimu. Ukiinyanyua, ililia moja kwa moja katika kituo cha nchi jirani, na huko palikuwa na nyingine kama hiyo. Waya wake ulipita juu ya nguzo kando ya reli. Kila asubuhi saa kumi na mbili Bi Ngoja aliinyanyua, na fundi wa ng'ambo akaitika.

"Wanisikia?"

"Nakusikia. Umeamkaje?"

"Salama. Goti lako?"

"Goti ni lile lile, dada. Tunazeeka nalo."

Hawakuwahi kuonana, lakini kila mmoja alijua mwenzake akiwa na mafua.

Kisha ukaja mtandao mpya, unaotumia itifaki za intaneti, zile zile zinazopeleka picha na salamu kutoka simu moja hadi nyingine mitaani. Sauti za waongozaji, picha za rada na taarifa za safari, vyote vilikatwakatwa kuwa vifurushi vidogo, kila kifurushi kikaandikwa anwani, kisha vyote vikapita katika mkongo mmoja, waya wa nyuzi za kioo uliofukiwa ardhini. Mkongo wa pili, wa kampuni nyingine, ulikuwa wa akiba. Wa kwanza ukikatika, vifurushi vingehamia wa pili kabla mtu hajapepesa jicho.

Bi Ngoja hakuuchukia mtandao huo. Alisoma vitabu vyake hadi kurasa zikaanza kung'oka. "Mtandao ni mzuri," alimwambia mdogo wake. "Mimi nataka kujua unapita wapi."

Swali hilo ndilo lililomtia matatani.

Ili waya wa zamani ukatwe, fomu ya makabidhiano ilihitaji sahihi ya fundi mkuu, na fundi mkuu alikuwa yeye. Mtaalamu wa kampuni iliyofunga mitambo, bwana mwenye viatu vya kung'aa kama kioo, aliwakusanya watu wote chumbani. Akachomoa mkongo wa kwanza. Taa moja ikawa nyekundu, lakini mazungumzo yakaendelea. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Mazungumzo yakaendelea vilevile.

"Umeridhika sasa, mama?" aliuliza.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Ngoja. "Umechomoa humu chumbani. Mvua inanyesha nje."

Watu wakacheka. Mkuu wa Kituo hakucheka. Alitazama saa yake.

Jumamosi hiyo Bi Ngoja alivaa viatu vya mpira, akaifuata mikongo yote miwili kwa miguu, chemba baada ya chemba, yale mashimo ya kukagulia nyaya. Getini ilitengana vizuri, mmoja ukaenda kushoto na mwingine kulia. Mwendo wa saa moja mbele, kwenye daraja la barabara kuu, akawakuta mafundi wa kampuni moja wamefunua mfuniko wa chuma. Alichungulia ndani. Mikongo yote miwili ilikuwa imeingia bomba moja.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

"Huu wetu, huu wa wenzetu," mmoja alijibu. "Hawana bomba lao hapa, wamepanga kwetu. Kwani kuna tatizo?"

Bi Ngoja alipiga picha, akaandika barua. Barua ya kwanza ilirudishwa kwa kuwa haikuwa na namba ya kumbukumbu. Ya pili ilipelekwa kwa mtaalamu, naye akajibu kwa kuambatanisha ramani yenye mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, iliyotengana mwanzo hadi mwisho. Ya tatu ilirudishwa kwa maelezo kwamba jambo hilo limeshajibiwa. Akaamua kwenda mwenyewe ofisini kwa Mkuu.

"Mkuu, umeziona picha?"

"Nimeona shimo," alisema Mkuu. "Na nimeona ramani. Hii hapa. Nyekundu, buluu."

"Hiyo ni ramani. Mimi nimeona kwa macho. Nyekundu na buluu wamelala kitanda kimoja pale darajani."

"Wewe ni fundi au ni askari wa doria?"

"Ukikata pale, umekata mikongo yote miwili. Sikatai mtandao. Naomba waya mmoja tu wa zamani ubaki, ule wa simu nyekundu, mpaka watengeneze njia ya pili ya kweli."

Mkuu alivua miwani, akaifuta polepole kama mtu anayehesabu moyoni ili asitukane. "Bi Ngoja, wageni wa uzinduzi wanakuja Ijumaa. Nimechoka. Kila nikifungua mlango wewe uko hapo na bomba. Tia sahihi. Vinginevyo kuna kituo kule mpakani kinatafuta fundi."

"Sitii."

Alitoka mikono mitupu. Jioni, nyumbani, mdogo wake alimpakulia chakula bila kumtazama.

"Umewachosha watu, dada."

"Mimi mwenyewe nimejichosha. Nasema neno lile lile kama kasuku wa dukani. Nampigia mbuzi gitaa, mbuzi ananiuliza namba ya kumbukumbu."

"Basi tia sahihi uishi kwa amani. Wewe kazi yako ni mitambo. Likitokea la kutokea, si watabeba wao?"

Bi Ngoja aliweka kijiko chini. "Likitokea la kutokea, nani atakuwa amekaa pale mezani na vipokea sauti masikioni? Mkuu?"

Chakula kikapoa.

Mkuu aliitia fomu sahihi yeye mwenyewe, kwa niaba ya fundi mkuu. Alhamisi Bi Ngoja akaletewa barua ya uhamisho wa kwenda mpakani kuanzia mwezi uliofuata. Ijumaa wageni wakaja. Skrini zilimeremeta, maua yakapangwa, na simu nyekundu ikaondolewa mezani na kuwekwa ukumbini katika kabati la vioo, pamoja na kadi iliyoandikwa "Kumbukumbu". Waya wake wa nguzoni ungekatwa mwisho wa mwezi.

"Wahenga walisema kipya kinyemi," Mkuu alihutubia, na makofi yakarindima.

"Ingawa kidonda," alisema Bi Ngoja, kwa sauti ndogo lakini isiyokuwa ndogo ya kutosha. Mdogo wake akamfinya mkono.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla simu haijaingizwa kabatini, alikuwa ameinyanyua kwa mara ya mwisho.

"Wanaiondoa," alimwambia fundi wa ng'ambo.

"Huku pia wanataka kuitupa."

"Yako usiichomoe. Ngoja kwanza."

"Haya. Nitaificha chini ya meza yangu. Wakiniuliza nitasema ni goti."

Siku kumi na moja zilipita kwa amani, na watu wakaanza kumtazama Bi Ngoja kwa huruma, kama mtu aliyetabiri mvua kiangazi. Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, tingatinga lilikuwa likizibua mtaro ulioziba karibu na daraja la barabara kuu. Dereva wake alihisi kijiko kimekwama, akaongeza nguvu.

Wakati huo mdogo wake Bi Ngoja alikuwa ameiruhusu ndege moja ya abiria ipande hadi futi elfu thelathini na tano. Mara ujumbe kutoka kituo jirani ukatokea kwenye skrini: ndege nyingine, iliyokuwa bado mikononi mwa jirani, imebadilisha kimo kwa sababu ya upepo. Nayo sasa ilikuwa futi elfu thelathini na tano, na njia zao zingekutana baada ya dakika kumi na tatu. Alifungua mdomo amzuie rubani wake. Vipokea sauti vikafa masikioni. Picha ya rada ikaganda. Kwenye skrini ya mtandao mistari yote miwili ikawa myekundu, kwa pamoja.

Redio ya dharura iliyokuwa juu ya paa ilifikia ndege za karibu tu, na ile yake ilikwishakwenda mbali. Minara ya mlimani iliunganishwa kwa mikongo ile ile. Ndege zina vifaa vyake vya kuonyana zinapokaribiana, lakini mwongozaji anayevitegemea hivyo ameshaiacha kazi yake.

"Tulieni," alisema Mkuu, aliyekuja mbio. "Wa pili utachukua sasa hivi."

Wakatulia. Dakika moja ikapita. Wa pili haukuchukua. Walijaribu simu zao za mkononi, nazo hazikuwa na mtandao, kwa kuwa kampuni zilikuwa zile zile. Mtu mmoja akasema tumpigie mtaalamu. Hakuna aliyemuuliza tutampigia kwa simu ipi.

Mdogo wake aligeuka kwenye kiti, jasho likimtiririka. Hakumtafuta Mkuu. "Dada," alisema.

Bi Ngoja alikuwa ameshafika ukumbini. Kabati lilikuwa na kufuli. "Ufunguo uko wapi?"

"Kwa ofisa uhusiano," alisema karani wa mapokezi. "Yuko semina. Nami siwezi kufungua bila kibali cha maandishi."

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, Bi Ngoja hakusema ngoja. Alitoa bisibisi, akalegeza skrubu za bawaba, moja, mbili, tatu. Mlango ukaning'inia, ukaanguka, vioo vikatawanyika sakafuni. Alichukua simu, akatembea juu ya vioo hadi kwenye kisanduku cha nyaya nyuma ya chumba cha waongozaji, akaunganisha nyaya mbili kwa vidole, akaushika mkono wa simu sikioni.

Ililia. Ikaendelea kulia.

"Nilijua ni wewe tu," alisema fundi wa ng'ambo.

"Mpe mwongozaji wako simu. Sasa hivi."

Akampa mdogo wake, aliyekuwa amemfuata mbio, naye akazungumza kwa sauti tulivu ambayo hakujua alikuwa nayo: ndege yangu inapanda hadi thelathini na tano, shusha yako hadi thelathini na tatu. Upande wa pili ukarudia maneno yake neno kwa neno. Baada ya muda ambao hakuna aliyeupima, jibu likaja: imeshuka. Zikapita, moja juu ya nyingine, na abiria wakaendelea kulala na kunywa chai.

Kwa saa tisa kila ndege iliyovuka mpaka ilipita kwa simu ile, moja moja, huku Bi Ngoja amekaa sakafuni akizishikilia nyaya zisichomoke.

Kesho yake akapokea barua. Ilimtaka aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuharibu kabati la umma. Aliisoma mara mbili, akairudisha ilikotoka, juu yake akiwa ameandika kwa kalamu: "Haina namba ya kumbukumbu."

Wiki hiyo chemba ya darajani ilifunuliwa mbele ya wachunguzi. Mikongo miwili ilikuwa imekatika mahali pamoja, kwa jino moja la kijiko. Barua ya uhamisho ikafutwa bila maelezo. Mkuu mwenyewe alikuja karakana, akasimama mlangoni.

"Siku ya wageni nilikusikia," alisema. "Nilijifanya sikusikia."

"Ulisikia nini, mkuu?"

"Ile nusu niliyoiacha." Akaweka mezani fomu mpya ya makabidhiano, sehemu ya sahihi ikiwa tupu. "Sema wewe mkongo wa pili upite wapi."

Bi Ngoja aliivuta fomu, akaitazama. "Ngoja kwanza," alisema, na Mkuu akavuta kiti, akangoja.

Mkongo wa pili ulifuata reli. Bi Ngoja aliufuata wote kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, na aliporudi akatia sahihi. Ilimchukua siku nne. Simu nyekundu ikarudishwa mezani, na waya wake haukukatwa. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuchoka upesi, lakini hakumwambia mtu. Mwaka uliofuata hakuwepo.

Asubuhi ya baada ya mazishi yake, saa kumi na mbili, simu nyekundu ililia. Mdogo wake akainyanyua.

"Wanisikia?" iliuliza sauti ya ng'ambo.

"Nakusikia," akasema. "Goti lako?"

Simu hiyo ingali mezani, kati ya skrini zinazometameta, na kila asubuhi mdogo wake huinyanyua. Wageni wakija humuuliza kwa nini kitu kikuukuu kama hicho hakijatupwa. Huwaambia kipya kinyemi. Huwaacha watabasamu kwanza, wakishamaliza ndipo huwamalizia: ingawa kidonda.