Sultani Aliyekataza Kabla na Baada

Hapo zamani, katika mji wa Tumbwe, alikuwako mjane mmoja, jina lake Bibi Lan, mzaliwa wa nchi ya Vietnam. Alikuja na mumewe, fundi wa merikebu; mume akafa kwa homa, naye asiwe na nauli ya kurudi kwao. Basi akapanga nyumba katikati ya mji, mtaa wa masonara, akafungua mgahawa wa supu ya tambi kama walavyo kwao. Mifupa ya ng'ombe ilichemka chunguni pamoja na mdalasini, karafuu na tangawizi iliyobabuliwa motoni. Ikiisha kuiva, Bibi huimimina juu ya tambi za mchele na nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, kisha humwekea mlaji majani ya mrehani, ndimu na pilipili, ajitilie apendavyo.

Miongoni mwa walaji alikuwako fukara aitwaye Mshamu, ambaye mali yake yote ilikuwa kanzu moja na ulimi. Bibi Lan alimpa bakuli moja kila siku, naye Mshamu akamfundisha Kiswahili, hata Bibi akawa akimwita mwalimu. Ikawa baada ya miezi sita Bibi aweza kubishana na wachinjaji mpaka wakatoka jasho, na Mshamu amepata mashavu.

Hata siku moja habari za supu zikafika kasrini. Sultani Nasiri akaja adhuhuri pamoja na Waziri wake, akala. Kijiko cha kwanza akanyamaza, cha pili akatoka jasho, cha tatu akafumba macho. Alipomaliza akauliza, "Nani mwingine amekula katika chungu hiki leo?"

Bibi Lan akajibu, "Wachukuzi wa bandarini, Seyidi. Tangu alfajiri."

Sultani akageuka rangi. "Kumbe mimi nimekula makombo ya wachukuzi!"

Jioni ile mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza: Mtu yeyote asile supu ya Bibi Lan kabla ya Sultani, kwa kuwa Sultani hali makombo. Wala mtu asile baada ya Sultani, kwa kuwa chungu alichokula Sultani ni cha Sultani. Na kila siku Bibi apike chungu kizima, kwa maana supu ya chungu kidogo haina utamu. Amri ikivunjwa, mvunjaji atatolewa mjini, na mpishi pamoja naye.

Mshamu akaenda mbio mgahawani, akamkuta Bibi Lan anafunga mabakuli yake kwa kanga.

"Mwanangu Mshamu," akanena Bibi, "nusu ya ng'ombe kila siku kwa mtu mmoja! Siku ya tatu sina hata kuni. Heri nitoke kwa miguu yangu kuliko kutolewa."

Mshamu akaketi juu ya gunia la mchele. Alihuzunika kwa ajili ya tumbo lake, asikatae. Lakini alihuzunika zaidi kwa ajili ya Bibi, maana katika maisha yake yote hakuna mtu mwingine aliyemwita mwalimu.

Bibi akasema, "Kabla, ulinifundisha. Baada, ulinifundisha. Hapo katikati mwasemaje?"

Mshamu akainuka, akafungua fundo la kanga. "Bibi," akasema, "rudisha mabakuli mahali pake. Kesho pika kama kawaida."

Kesho yake Sultani alipoingia alikuta kiti chake kimewekwa katikati, bakuli linafuka moshi. Na kila upande wameketi watu: wachukuzi, masonara, washona kofia, hata mwadhini wa msikiti wa jirani, watu arobaini, kila mmoja na bakuli lake, mikono magotini, kimya.

"Hawa wanafanya nini hapa?" akauliza Sultani.

"Wanatii amri, Seyidi," akajibu Mshamu.

Sultani akaketi, akainua kijiko. Vijiko arobaini vikainuka. Akakishusha, vikashuka. Akakiinua tena upesi, akanywa, na watu arobaini wakanywa, ikasikika sauti kama ya ng'ombe wamefika mtoni.

"Mnakula pamoja nami!" akanguruma Sultani.

"Naam, Seyidi. Si kabla, wala si baada."

Sultani akamgeukia Waziri, ambaye kwa desturi alisimama nyuma ya kiti. Waziri akakunjua waraka wa amri, akausoma toka juu hadi chini, akaugeuza nyuma, akausoma tena. "Seyidi," akanena, "halimo."

Basi Sultani akakusudia kuwanasa. Akavuta tambi, na katikati ya kuvuta akasita ghafula. Wote wakasita. Mwadhini tambi zamning'inia mdomoni hadi bakulini, hathubutu kukata wala kumeza. Sultani naye zake zamning'inia vilevile. Wakatazamana hivyo, Sultani na mwadhini, mpaka supu ikaanza kupoa.

Ndipo Sultani akameza, akatupa kijiko. "Nimeshiba!"

Vijiko arobaini vikawekwa chini. Mabakuli yalikuwa hayajafika nusu. Wengi wao walikuwa wamebeba magunia tangu asubuhi. Wakayatazama mabakuli, kisha wakamtazama Sultani. Bibi Lan akasimama kando ya chungu, ameshika upawa kwa mikono miwili.

Sultani akataka kuinuka, asiinuke. Miaka kumi na mmoja alikuwa akila peke yake kasrini, na katika miaka hiyo hapana mtu aliyemngojea ale tonge la pili. Akaokota kijiko. "Nimekumbuka kwamba bado nina njaa," akasema.

Wakala. Punde Mshamu akanong'ona, "Seyidi, polepole kidogo. Mzee Hamadi yule hana meno, akichelewa atakuwa amekula baada."

Sultani akamtazama Mzee Hamadi, mchukuzi mkongwe, akitafuna nyama kwa ufizi. Akangoja. Mji wote ukangoja. Mzee Hamadi akameza, akatikisa kichwa kama mtu atoaye ruhusa, na Sultani Nasiri akacheka mpaka supu ikamtokea puani. Watu wakangoja kwanza wahakikishe ni kicheko, kisha nao wakacheka.

Akautwaa waraka mkononi mwa Waziri, akautia motoni chini ya chungu. "Ewe Mshamu," akanena, "umenishinda. Omba utakacho."

Mshamu akainama. "Seyidi, namwombea Waziri ruhusa ya kuketi. Tangu tuanze yu nyuma yako anameza mate, nami nimeshindwa kujua anahesabiwa kuwa amekula kabla yetu au baada."

Waziri akaketi. Akala mabakuli matatu, na la nne akaomba lizidishwe pilipili.

Aliyenisimulia habari hizi alikuwa ameshiba, nami nazieleza kama nilivyozipokea.