Sampuli kwa Nasibu

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Walikuwa na maana kwamba uzuri au ubovu wa kitu hauamuliwi na kile kinachotangulia kumpokea mgeni. Methali hii nani asiyeijua? Waulize hata watoto wa darasa la tatu, wataimalizia kwa pamoja, tena kwa kelele. Ajabu ni kwamba wanaoijua sana ndio hao hao wanaoishia mlangoni, na mmoja wao alikuwa Levina wa Katindiuka pale Ifakara, mfanyabiashara wa mchele, mama asiyependa kufundishwa kazi yake.

Levina alinunua mchele vijijini, kuanzia Idete hadi Mbingu, akausafirisha hadi Morogoro kwa mteja wake mmoja tu wa jumla aliyeitwa Balbina. Kazi yake aliifanya kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho ukikichoma kwenye gunia hutoka na punje chache bila kulifungua. Aliingia ghalani, akasalimia, akachoma magunia mawili matatu yaliyokuwa karibu, akamwaga punje kiganjani, akanusa, akatafuna, kisha akatoa hukumu: "Huu mzuri. Pakia!" Ulimi wake haukuwa na mchezo. Punje iliyonyeshewa aliitambua hata kama ilikaushwa upya, na mchele wa mwaka juzi haukumpita ukijifanya wa mwaka huu.

Basi ilikuwaje msimu uliopita akampelekea Balbina mchele uliovunda? Hapo ndipo akili ya Levina ilipoanza kuchanganyikiwa. Mchele ule aliuonja mwenyewe! Kila punje aliyoitafuna ilikuwa nzima, nyeupe, yenye harufu ya Ifakara halisi. Lakini mzigo ulipofika Morogoro, nusu yake ilikuwa ya manjano, inanuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Balbina alipiga simu, na hata salamu hakutoa.

"Dada Levina, umeniletea chakula cha kuku."

"Mimi? Nimeuonja kwa kinywa changu hiki!"

"Basi ulionja mwingine. Sasa sikiliza. Nitapokea gari moja tena kutoka kwako, kwa sababu tumetoka mbali. Ukinikosea tena, futa namba yangu."

Mteja wa jumla haoti kama uyoga. Bila Balbina, Levina angerudi kule alikotoka, kuvuna mpunga wa watu kwa kibarua huku jua likimchoma mgongo, na Jenifer, binti yake wa pekee, angekatiza masomo ya takwimu chuoni Dodoma. Gari hilo moja lilikuwa la kufa au kupona.

Siku ya kununua mzigo ilipofika, aliwasili Mbingu mapema. Kando ya mashine ya kukoboa palikuwa na maghala mawili yaliyopakana. La kwanza lilikuwa la Hermenegildi, mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, sakafu imefagiliwa, magunia yamepangwa yakapangika. Levina alichoma ya mbele. Punje zilitoka ndefu na safi, hata mwenyewe akameza mate. La pili lilikuwa la Makoye, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, akaishia kuuzoea mpunga kuliko ng'ombe. Pale mlangoni magunia yalikuwa yamerundikwa ovyo, yana madoa. Levina alichoma. Zikatoka punje za manjano, zenye unyevu.

Mtu mwingine angesema, sasa tatizo liko wapi? Chukua kwa Hermenegildi uondoke! Levina naye alitaka kusema hivyo, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzigo uliomtia aibu nao ulipendeza vivyo hivyo. "Mzuri ulinidanganya," alijisemea. "Je, mbaya ndio utaniambia ukweli? Au mbaya ni mbaya tu, nami naanza wazimu?" Alitoka mlango huu akaingia ule, akarudi tena ule wa kwanza, hadi Agnella, mama muuza vitumbua pale mashineni, akamuuliza kama ameangusha kitu.

Kichwa kilipomzidi uzito, alimpigia Jenifer.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hizo takwimu zenu zinasemaje? Nina maghala mawili na sijui nichague lipi."

"Unapima magunia yapi?"

"Ya mbele. Ya nyuma nitayafikiaje, nipae?"

"Hapo ndipo unapokosea, mama. Ya mbele hayawezi kuyasemea yote. Chukua sampuli kwa nasibu."

"Kwa nani?"

"Kwa nasibu, mama! Ukichukua kwa nasibu si rahisi kudanganywa. Haya, naingia kwenye mtihani, nazima simu. Kwa nasibu, usisahau!"

Simu ikakatika. Levina alibaki ameitazama kama inamdai jibu. Nasibu? Nasibu yupi huyo? Na Jenifer aliye Dodoma amemjuaje mtu wa Mbingu? Lakini alikumbuka kwamba wasomi hufahamiana, na kama Nasibu huyo anatajwa hadi chuoni, basi si mtu mdogo. Alimfuata Agnella.

"Eti mdogo wangu, Nasibu namkuta wapi?"

"Nasibu wa bodaboda? Si huyo hapo nyuma yako, anamaliza vitumbua vyangu kwa mkopo."

Levina aligeuka. Alimwona mwanamume wa makamo, mashavu yamejaa, kofia ya chuma iko gotini.

"Wewe ndiye Nasibu?"

"Ndiye mimi. Shikamoo mama. Tunaelekea wapi?"

"Marahaba. Hatuendi mbali. Nataka unichukulie sampuli za mchele."

"Mimi?" Nasibu alimeza haraka. "Mama, mimi mchele naujua ukiwa kwenye sahani."

Levina alitabasamu. Wataalamu wa kweli ndivyo walivyo, hujishusha. "Najua, najua," alimjibu. "Twende, nitakulipa nauli ya kwenda Ifakara na kurudi." Jamani, nauli ya safari bila kuchoma petroli, nani angekataa?

Waliingia kwa Hermenegildi kwanza. Levina alimkabidhi bambo kwa heshima zote.

"Nichome wapi?" aliuliza Nasibu.

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye Nasibu?"

Nasibu alimtazama, akautazama mrundo wa magunia, akakuna kichwa. Mama huyu ana shida gani? Lakini nauli ni nauli. Alivua viatu, akapanda. Alichoma pale mguu ulipoangukia. Akateleza upande wa ukutani, akachoma huko huko. Alimwona mjusi pembeni, akamfukuza hadi nyuma kabisa ya ghala, na alipofika huko akaona si vibaya achome na huko. Kila alichotoa alikishusha kwa Levina, naye alikimwaga juu ya turubai, kila mchomo na kifungu chake.

Hermenegildi alianza kutokwa na jasho kwenye shati lake la pasi.

"Mama Jenifer, mtaalamu gani huyu anayechoma kama anatafuta panya? Wenzake wote huishia hapa mbele!"

Levina alikuwa ameinama juu ya turubai, na macho yalikuwa yamemtoka. Kifungu cha kwanza cheupe. Cha pili chenga tupu. Cha tatu kinanuka. Cha nne cheupe tena. Cha tano, ee Mungu wangu, cha manjano. Vibovu vilikuwa vingi kuliko vizuri.

"Hermenegildi, ni nini hiki?"

"Kwani ajabu ni nini?" Hermenegildi alisema bila aibu hata ya kusingizia. "Hata wewe ukienda misa huvai kanga ya jikoni. Ya mbele ni ya kumpokea mgeni."

"Kumpokea au kumfunga macho?" Levina alifoka, akaokota turubai lake.

Kwa Makoye mambo hayakuwa mepesi zaidi. Michomo ya mlangoni ilitoa manjano yale yale. Nasibu alipoingia ndani zaidi, punje zikaanza kutoka nyeupe, zinanukia. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Kisha, karibu na mlango tena, manjano. Levina alishika kiuno. Kwa mwenye mlango mzuri amekuta ubovu uliochanganyika na uzuri. Kwa mwenye mlango mbaya amekuta uzuri uliochanganyika na ubovu. Alitaka kuambiwa ndiyo au hapana, na sasa amepewa vifungu!

"Nasibu, wewe unasemaje?"

"Nasema njaa inauma, mama."

Levina aliona kwamba hilo nalo lilikuwa fumbo la kitaalamu, akalitafakari. Makoye ndiye aliyemtoa huko. "Mayu," alisema, kwa heshima ambayo Wasukuma humpa mwanamke mzima, "mimi sikupanga chochote. Tulishusha tukaweka. Paa linavuja hapo mlangoni, na kila mnunuzi anachoma hapo hapo, anaguna, anaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia ndani."

Levina aliinua macho. Kweli, bati lilikuwa na tundu, na kibovu chote alichopata kilitoka chini ya tundu hilo. Alivihesabu vifungu: katika kila kumi, kibovu kilikuwa kimoja tu. Kwa Hermenegildi, vibovu vilikuwa sita. Macho yake yalimwambia kimbia, turubai likamwambia nunua. Alipiga moyo konde akanunua mchele wa Makoye, akaagiza magunia ya chini ya tundu yaachwe. Hermenegildi alicheka mlangoni kwake: "Ameacha bibi harusi, amemchukua mpishi!"

Jioni, gari likiwa limeshaondoka zamani, Jenifer alipiga simu.

"Mama, ulichukua sampuli kwa nasibu?"

"Nilichukua. Mtu mwema yule, ila anakula sana."

"Nani anakula?"

"Nasibu wako."

Jenifer akasema polepole, "Mama, nasibu si mtu. Nasibu ni bahati tu. Kuchukua kwa nasibu ni kuokota popote bila kuchagua."

Levina alikaa chini. Riziki yake, ada ya mtoto, Balbina, vyote amevikabidhi kwa mwendesha bodaboda aliyemwambia wazi kwamba mchele anaujua ukiwa sahanini! "Nimekwisha," alisema. "Mwanangu, nimekwisha. Yule alikuwa anachoma popote mguu ulipoangukia, mara anafukuza mjusi."

"Anafukuza nini?" Jenifer alianza kucheka hadi akakohoa. "Mama, basi hiyo ndiyo yenyewe! Yeye hakujua mchele, hakuwa na gunia alilolipenda. Haikuwa kamili, lakini ni karibu kabisa na ninachosomea."

"Kwa hiyo asiyejua ananishinda mimi ninayejua?"

"Hapana. Ulimi wako unajua mchele kuliko sote. Ila mkono wako umezoea mlango."

Levina hakuelewa vizuri. Alilala bila kuelewa, akaamka bila kuelewa, na simu ya Balbina ikaita kabla hajanawa uso.

"Levina! Gari limefika, nimechoma gunia la kwanza pale nyuma ya gari, manjano matupu! Namwambia dereva ageuze sasa hivi."

Levina aling'amua mara moja. Gunia moja la chini ya tundu! Bila shaka wabebaji walisahau agizo lake wakalipakia mwisho, nalo likakaa pale pale mlangoni mwa gari. Angeweza kulia, angeweza kuapa, lakini kilichotoka kinywani mwake hakukitarajia hata yeye.

"Dada Balbina, umechoma mangapi?"

"Moja linanitosha."

"Halitoshi! Mwite mtu yeyote hapo asiyejua mchele. Mpe bambo, apande juu, achome popote mguu utakapoangukia."

"Levina, umelewa?"

"Sijalewa. Nakuomba kwa jina la Mungu, usinihukumu kwa gunia la mlangoni. Hata mimi nimehukumu hivyo miaka yote, na ndivyo nilivyokuumiza."

Balbina aliguna. Levina akasikia akimwita dereva, akasikia turubai la gari likivutwa, kisha sauti ya mtu anayelalamika kwamba yeye kazi yake ni usukani. Akasikia mtu anatafuna.

"Huu nao umetoka wapi?" aliuliza Balbina.

"Humo humo."

"Hebu wewe, choma na kule mbele. Na kule chini." Akatafuna tena. "Na pale." Alitafuna kwa muda mrefu, na Levina akasubiri. "Umenichanganya kabisa, Levina. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukufukuza."

"Hata mimi nilichanganyikiwa, dada."

"Hili la manjano analirudisha dereva. Mengine nashusha yote. Na ukipata mzigo mwingine kama huu, nipigie mimi kabla ya mtu mwingine."

Levina aliiweka simu chini, akafunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti hadi majirani wakatoka nje. Riziki yake ilikuwa imebakiza hatua moja tu ipotee, kwa sababu ya gunia moja lililokaa mlangoni. Ama kweli, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.