Mbuzi wa Mkawasi na Deni Lililokwisha Kulipwa

Kaeni vizuri. Mwenye kutafuna atafune polepole, na mwenye jibu alifiche mpaka nimalize.

Huko Wundanyi walikuwapo wanawake watatu wa kikundi kimoja cha kukopa pamoja. Saru hakutupa karatasi. Hata ile iliyofungiwa sukari aliikunja akaiweka. Wakesho aliishia darasa la saba, lakini alisoma kila kitu, mpaka maandishi madogo ya nyuma ya pakiti ya dawa. Mghoi hakuwa msomaji wala mtunzaji, ila akikaa mahali, hang'oki. Marehemu mumewe alilijua hilo vizuri.

Wa nne ni Mkawasi, mfumaji wa sweta. Shule moja ilimpa kazi ya sweta mia mbili, kwa sharti kwamba mwezi usiishe kabla hajapata mashine ya pili. Akishindwa, kazi inakwenda kwa fundi mwingine. Akaenda benki kuomba mkopo wa mashine. Karani akabonyeza kompyuta, akakunja uso.

"Mama, umeandikwa CRB. Kuna deni hukulipa."

"Deni gani? Mimi sidaiwi hata chumvi!"

"Ndivyo inavyoonekana hapa."

CRB, kwa msiojua, ni daftari la wakopaji. Ukiandikwa vibaya humo, kila mlango wa mkopo unafungwa, na hakuna anayekuuliza kama ni kweli.

Mkawasi hakulia. Kulia hakufumi sweta. Alikwenda kikundini akasema, "Atakayeniondolea doa hili kabla mwezi haujaisha, atachukua mbuzi wangu wa maziwa. Ana mimba, na mnamjua."

Walimjua. Wote wakaanza kumfikiria mbuzi.

Wakesho akaanza. Alimwambia Mkawasi aombe ripoti yake, ikachapishwa, kurasa nne. Wengine waliona nukta na namba. Wakesho aliisoma siku mbili, kidole juu ya mstari.

"Hapa," akasema. "Ni ule mkopo wetu wa kikundi, wa miaka mitatu iliyopita. Wanasema rejesho lako la Juni halikufika."

"Nilimpa Saru mkononi!"

"Najua, nilikuwepo. Sasa tumuulize Saru."

Saru ndiye mweka hazina. Mtindo wa kikundi ulikuwa huu: kila mtu anatoa pesa mezani, Saru anazituma zote kwa simu yake mara moja ili kupunguza makato, kisha anapeleka orodha ya majina kwenye ofisi ya kampuni iliyowakopesha. Juni ile Mkawasi alichelewa, orodha ikawa imeshakwenda. Saru akazituma za Mkawasi peke yake, bila kumwambia mtu yeyote ofisini ni za nani. Kampuni ikaona simu ya Saru, ikaziandika kwa Saru.

"Kumbe ni wewe!" Mghoi akafoka.

"Ni mimi," Saru akasema. "Nipisheni nikatafute."

Akapindua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya barua za posa za mabinti zake, akatoa daftari la kikundi. Ujumbe wa simu ulishafutika zamani, lakini siku ile ile aliunakili kwa kalamu, tarehe na namba zote, na Mkawasi akatia sahihi pembeni.

Wakesho akaandika malalamiko. Mkawasi hakuweza kuondoka kwenye mashine yake moja, kwa hiyo Mghoi akayabeba pamoja na lile daftari, akaenda kwenye ofisi ya kampuni.

"Mama, mfumo unakataa," kijana wa dirishani akasema.

"Basi mwite huyo Mfumo atoke nje, anikatalie mwenyewe."

Akakaa. Siku ya kwanza wakamcheka. Siku ya pili akaja na viazi vitamu, akala palepale mbele ya wateja. Siku ya tatu akatandika khanga. Siku ya nne meneja akatoka.

"Mama, unataka nini hasa?"

"Fungua ukurasa wa Saru, uone kama hana pesa zilizozidi."

Akafungua. Zilikuwemo, kiasi kilekile, namba zilezile za kwenye daftari. Siku hiyohiyo barua ikaandikwa kwenda CRB, na siku mbili kabla ya mwezi kwisha, jina la Mkawasi likawa safi. Mashine ikaja.

Sasa ugomvi. Wote watatu walifika kwa Mkawasi asubuhi moja, kila mmoja na kamba yake.

"Bila macho yangu, mngekuwa bado mnalaumu kompyuta," Wakesho akasema.

"Macho yako yangesoma nini mbele ya meneja, bila daftari langu?" Saru akajibu.

"Wewe nyamaza, uliyemtia shimoni!" Wakesho akamkata.

"Nimemtia, nikamtoa. Wangapi humtoa waliyemtia?"

"Daftari halina miguu," Mghoi akasema. "Na matako yaliyokufa ganzi siku nne ni yangu."

Mkawasi aliwasikiliza huku mashine mbili zikimngoja. "Mbuzi ni mmoja, na simchinji ili niwagawie," akasema. "Aamue asiyekunywa maziwa yake."

Mbuzi bado amefungwa pale uani, na siku zake za kuzaa zimefika. Jibu langu ninalo, silitoi. Haya, wewe uliyekuwa unatafuna: kamba ya mbuzi ungemkabidhi nani?